Nani Amwambie Askari Aache?

Dereva wa kwanza nchini Uingereza kutozwa faini ya mwendo kasi alifukuzwa kwa baiskeli. Ilikuwa Januari 28, 1896. Walter Arnold, mfanyabiashara wa magari ya Benz, alipita kijiji cha Paddock Wood, Kent, kwa kasi ya kilomita 13 kwa saa. Sheria ilimruhusu kilomita 3, na ilitaka mtu atembee kwa miguu mbele ya gari kuwaonya wengine. Konstebo wa kijiji alikuwa mezani anakula. Aliacha chakula chake, akarukia baiskeli na kumwandama kwa kilomita 8 mpaka akamfikia. Kwa kosa la kasi, Arnold alitozwa shilingi moja. Miaka mitatu baadaye, Mei 1899, dereva wa teksi ya umeme jijini New York naye alitiwa mbaroni na askari wa baiskeli, kosa lake likiwa kukimbia kilomita 19 kwa saa.

Mwaka huohuo mji wa Akron, jimbo la Ohio, ulijipatia gari linalotajwa kuwa la kwanza la polisi Marekani. Lilikwenda kwa umeme, mwendo wake wa juu kabisa ukiwa kilomita 26 kwa saa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumzoa mlevi mtaani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuandika kanuni ya kufukuza watu kwa chombo kama hicho.

Haja ilianza na pombe. Kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe nchi nzima, na wasafirishaji wa gongo wakajifunza kuunda upya injini ili mzigo ufike mjini kabla ya polisi. Madereva wa milima ya Appalachia walizijua kona za usiku kiasi kwamba baadhi yao baadaye walikuwa nyota wa mashindano ya magari ya NASCAR. Mwaka 1932 Ford ilitoa gari la injini ya V8 kwa bei ya mtu wa kawaida, na wateja walioligombea ni pamoja na majambazi wa benki na polisi waliowatafuta. Jambazi alikuwa na ngao nyingine pia: mpaka wa jimbo. Akishauvuka, askari aliyekuwa nyuma yake alikosa mamlaka. Katika miaka ya 1930 majimbo mengi yakapitisha sheria za kuruhusu polisi wa jirani kuendelea na mbio ng'ambo ya mpaka. Tazama basi sheria zilianzia upande gani: zilimwongezea askari uwanja wa kukimbilia.

Kipindi hichohicho kililetwa chombo ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko injini yoyote. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walianza kurusha matangazo ya redio kwenye magari yao ya doria, na mwaka 1933 Bayonne, New Jersey, wakafunga redio za kuongea pande zote mbili. Kwa wakati huo ilionekana ni njia ya kuita wenzako waje kusaidia. Lakini tangu siku hiyo mkubwa aliyekaa kituoni aliweza kumsikia askari wake akiwa katikati ya mbio, na aliweza kumwamuru aache. Ilipita miongo mingi kabla hajatakiwa na mtu yeyote kufanya hivyo.

Sinema nazo zilifanya kazi yake. Kuanzia 1912 vichekesho vya Keystone vya Mack Sennett viliwachekesha watu kwa polisi wanaogongana na kurundikana. Filamu ya Bullitt ya 1968, Steve McQueen akiruka vilima vya San Francisco, ilizigeuza mbio hizo kuwa mchezo wa mashujaa. Halafu ikaja televisheni. Kituo cha KTLA cha Los Angeles kilikuwa kimefunga kamera kwenye helikopta tangu 1958, na kufikia miaka ya 1990 vituo vya jiji hilo vilikatiza vipindi vyovyote kuonyesha gari linalokimbizwa. Juni 17, 1994, watazamaji wanaokadiriwa kuwa milioni 95 walitazama Ford Bronco nyeupe iliyombeba O. J. Simpson, mshtakiwa wa mauaji, ikienda polepole, magari ya polisi yakiifuata kama msafara wa harusi. Aprili 30, 1998, vituo viwili vilikatiza katuni za watoto ili kuonyesha tukio la barabara kuu ya Los Angeles, na watoto wakamwona mtu akijipiga risasi moja kwa moja hewani. Vituo viliomba radhi. Matangazo ya aina hiyo yaliendelea.

Swali la hatari lilikuwa limeshaulizwa mapema zaidi, na watu ambao hawakuwa polisi. Mwaka 1968 kundi la madaktari wa Marekani waliokuwa wakipigania usalama wa magari lilitoa ripoti iliyodai kuwa mbio moja kati ya tano huua. Takwimu zao zilikuwa dhaifu, na polisi walizishambulia kwa haki. Mwaka 1983 polisi wa barabara kuu wa California walijibu kwa hesabu yao wenyewe. Katika mbio 683 walizochunguza, asilimia 29 ziliishia kwenye ajali na takriban asilimia 1 zikaua. Wakahitimisha kwamba faida inazidi hatari, kwa kuwa wengi wa waliokimbia walikamatwa. Mimi nasoma hesabu hiyohiyo na kushangaa. Kazi gani nyingine ya serikali inayoishia kwenye ajali karibu mara tatu kwa kila kumi, ikafanyika mitaani penye watu, na ikaitwa salama?

Waliotaka breki walikimbilia mahakamani. Kesi iliyowafungulia mlango kidogo ilitoka kaunti ya Inyo, California. Mwaka 1984 polisi wa huko, wakimfukuza mtu katika gari la wizi kwa kilomita zaidi ya 30, walilaza lori la magurudumu 18 barabarani nyuma ya kona bila taa, huku gari la polisi likimmulika usoni asilione. Alikufa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kizuizi cha namna hiyo ni ukamataji, kwa hiyo Katiba inahusika nacho na uhalali wake unaweza kupimwa. Familia ikaruhusiwa kuendelea kudai.

Kesi iliyofuata ilikuwa ya Sacramento. Usiku wa Mei 22, 1990, naibu sherifu aliiandama pikipiki iliyokuwa ikiendeshwa na kijana wa miaka 18, amempakia mwenzake wa miaka 16. Mbio zilidumu sekunde 75. Kwa umbali wa kilomita 2 za mtaa wa makazi, kasi ilifika kilomita 160 kwa saa. Pikipiki ilipoanguka, gari la polisi lilishindwa kusimama, likamgonga kijana aliyekuwa amepakiwa na kumtupa umbali wa mita 21. Hakuwa ametuhumiwa kwa lolote. Wazazi wake walishtaki, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikawakatalia. Jaji David Souter aliandika kwamba askari anayeamua ndani ya sekunde chache hawezi kuwajibika kikatiba kwa uzembe, hata uwe mkubwa. Lazima ithibitike kuwa alikusudia kudhuru kwa nia isiyohusiana na ukamataji. Yeyote aliyewahi kukaa mahakamani anajua uzito wa kuthibitisha nia ya mtu aliyekuwa kwenye usukani.

Miaka tisa baadaye ikaja kesi ya Scott dhidi ya Harris, na hii inastahili kutazamwa taratibu kwa sababu ushahidi wake ulikuwa mkanda wa video. Machi 2001, kaunti ya Coweta, Georgia, kijana wa miaka 19 alipimwa kasi ya kilomita 117 kwa saa mahali pa 88. Alipowashiwa vimulimuli alikanyaga mafuta. Namba za gari lake zilikwishasomwa. Naibu sherifu Timothy Scott alijiunga na mbio bila kujua kosa la awali lilikuwa lipi. Baada ya takriban dakika 6 na karibu kilomita 16, Scott aliomba ruhusa redioni kuligonga gari lile, akapewa. Alilisukuma kwa bampa. Likatoka barabarani na kupinduka, na kijana akapooza miguu na mikono.

Mahakama za chini zilikuwa tayari kulipeleka suala hilo kwa baraza la wazee wa mahakama. Mahakama ya Juu ikasema hakuna haja. Kwa kura 8 dhidi ya 1, Jaji Antonin Scalia aliandika kuwa video inajieleza, na Mahakama ikafanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya: iliweka mkanda ule kwenye tovuti yake ili umma ujionee. Hoja yake nyingine ndiyo wakuu wa polisi huikumbuka zaidi. Ukisema askari lazima aache mtoro anapoanza kuhatarisha watu, alisema Scalia, basi umemfundisha kila mtoro kuhatarisha watu.

Aliyepinga alikuwa Jaji John Paul Stevens, wakati huo akiwa na miaka 87. Aliutazama mkanda uleule na kuona gari linalowasha taa za kuashiria kona, barabara isiyo na watu wengi, na polisi walio na namba za usajili mkononi. Aliongeza kijembe kwa wenzake: laiti wangejifunza kuendesha enzi za barabara za njia mbili, huenda picha zile zisingewatisha kiasi hicho. Wasomi watatu wa sheria wakaamua kupima nani anaona nini. Waliwaonyesha Wamarekani 1,350 video hiyo, na mwaka 2009 wakachapisha matokeo katika jarida la sheria la Harvard. Wengi walikubaliana na Mahakama. Lakini Wamarekani weusi, watu wa kipato cha chini na wenye msimamo wa kimaendeleo walielekea zaidi kuwalaumu polisi. Mkanda uliodaiwa kujieleza ulikuwa umemwambia kila mtu jambo lake.

Basi mahakama zilikataa kuwa breki, na kazi ikabaki kwa wakuu wa vituo. Hapo ndipo historia hii inapotoa jibu lake la wazi kuliko yote. Mwaka 1992 polisi wa Metro-Dade, eneo la Miami, waliamua kufukuza kwa makosa makubwa ya ukatili tu. Mwaka uliofuata idadi ya mbio ilishuka kutoka 279 hadi 51. Omaha, Nebraska, walifanya kinyume mwaka 1993: walilegeza, na mbio zikapanda kutoka 17 hadi 122. Aliyekusanya hesabu hizo ni Geoffrey Alpert wa Chuo Kikuu cha South Carolina, mtafiti ambaye kwa miongo kadhaa ameitwa na wakuu wa polisi, mawakili na waandishi kila magari yanapogongana. Aliwahoji pia wafungwa waliowahi kukimbia, akawauliza wangefanyaje kama polisi wangeacha kuwafuata. Zaidi ya asilimia 70 walisema wangepunguza mwendo. Mfungwa anaweza kudanganya, bila shaka. Lakini jibu hilo halimsaidii jela, na sioni angedanganya ili apate nini.

Sasa nani hufa? Ofisi ya takwimu za haki ya Marekani ilihesabu vifo vya miaka 20, kati ya 1996 na 2015. Vilizidi 7,000, wastani wa watu 355 kwa mwaka, karibu mmoja kila siku. Takriban theluthi mbili walikuwa ndani ya gari lililokimbizwa, wakiwemo abiria ambao pengine walikuwa wakimsihi dereva asimame. Karibu theluthi moja walikuwa watu wasiohusika kabisa: waliokuwa kwenye magari mengine, waliotembea kwa miguu. Askari waliokuwa kwenye magari yaliyofukuza walikuwa takriban asilimia 1. Uchunguzi wa gazeti la San Francisco Chronicle uliochapishwa mwaka 2024 ulipata vifo zaidi ya 3,300 kati ya 2017 na 2022, idadi inayotoa wastani mkubwa zaidi kwa mwaka.

Mmoja wa wasiohusika alikuwa binti wa miaka 15 wa Chico, California. Jioni moja ya Januari 2002 alikuwa na wazazi wake na ndugu yake ndani ya gari, wakielekea kwenye mechi yake ya mpira wa kikapu. Polisi walikuwa wakimfukuza msichana wa rika lake aliyechukua gari la mama yake bila ruhusa. Walijua ni nani. Walijua anakaa wapi. Gari lile liligonga la familia ubavuni, na binti akafariki siku chache baadaye.

Wazazi wake walipotafuta pa kushtaki waligundua jambo ambalo Wakalifornia wachache walilijua. Tangu 1987 sheria ya jimbo ilikipa kinga kila kikosi cha polisi kilichokuwa na kanuni ya kufukuza iliyoandikwa. Kuandika kulitosha. Kama askari waliifuata au waliitupa kabatini, mahakama haikuuliza. Mwaka 2002 majaji wa rufaa wa California wenyewe walilalamika katika hukumu moja kwamba sheria hiyo inalipa karatasi badala ya mwenendo, wakaliomba bunge liitazame upya. Mama wa binti yule alipanda ngazi za bunge la Sacramento mwaka baada ya mwaka akidai kufukuza kuruhusiwe tu pale uhai unapotishiwa. Vyama vya polisi vilipinga, na muswada aliouota haukupita. Kilichopita mwaka 2005 ni cha kadiri: ili kupata kinga, kikosi lazima kitoe mafunzo ya mara kwa mara, na askari wathibitishe kwa maandishi kuwa wameisoma na kuielewa kanuni. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California ikaongeza kwamba kikosi hakipotezi kinga hata kama askari mmoja mmoja hawakuweka saini.

Waliochoka na wanasheria waligeukia mafundi. Kuna miba ya chuma ya kutandazwa barabarani, iliyopunguza magurudumu pumzi na pia kuua askari kadhaa waliogongwa wakiitandaza. Kuna ule ufundi wa kuligusa gari ubavu wa nyuma lizunguke, uliosambaa kuanzia miaka ya 1980. Ni salama kiasi katika kasi ndogo, na kasi ikiwa kubwa hubadilika kuwa kile kilichompata kijana wa Coweta. Kuna kifaa kinachorushwa kutoka gari la polisi kikagandia gari la mtoro na kutangaza liliko, askari wakabaki nyuma. Hapa naomba kuchepuka. Msomaji aliyewahi kupigwa tochi katika barabara ya Morogoro tayari anazijua faida za wazo hili: askari mmoja anapima kasi na kupiga picha akiwa pembezoni, picha inatangulia kwa WhatsApp, na dereva anasimamishwa mbele na askari mwingine aliyesimama kivulini. Malalamiko ya madereva kuhusu tochi ni mengi na mengine ni ya haki, lakini hakuna anayekimbizwa.

Kanuni za vituo zina udhaifu wake: zinaandikwa upya kila hasira ya umma inapobadili upande. Milwaukee walibana mwaka 2010 baada ya raia kuuawa mfululizo katika mbio. Mwaka 2017, wananchi walipochoshwa na madereva wasiokamatika, wakalegeza, na mbio zikafika karibu elfu moja kwa mwaka. Jimbo la Washington lilipitisha sheria kali mwaka 2021 na kuifuta kwa kiasi kikubwa mwaka 2024, wapinzani wakiutaja wizi wa magari uliokithiri. Ni kweli wizi ulipanda. Ulipanda pia katika majimbo ambayo hayakubadili kanuni yoyote, kwa kuwa vijana walikuwa wamegundua mitandaoni kwamba magari mengi ya Kia na Hyundai hayakuwa na kifaa cha kuzuia injini kuwashwa bila ufunguo. New Zealand ilibana Desemba 2020, matukio ya madereva kukataa kusimama yakaongezeka sana, na mwaka 2023 ikalegeza. Hoja ya Scalia, lazima ikubaliwe, ilipata ushahidi fulani huko.

Mwaka 2023 jopo la wakuu wa polisi na watafiti, chini ya taasisi ya utafiti wa polisi iitwayo PERF, lilitoa mwongozo kwa nchi nzima ya Marekani: fukuza tu kama kosa ni la ukatili na mhusika ni tishio la karibu. Mwongozo huo haumlazimishi mtu. Machi mwaka uliofuata, wapiga kura wa San Francisco waliwaongezea polisi wao sababu za kufukuza.

Katika jiji la Washington, D.C., kanuni ilikuwa wazi hata kabla ya mwongozo huo: huruhusiwi kumfukuza mtu kwa kosa dogo la barabarani. Oktoba 23, 2020, askari mmoja alimwandama kijana wa miaka 20 aliyekuwa akiendesha skuta juu ya njia ya waenda kwa miguu bila helmeti. Kijana alitokeza kutoka uchochoroni akagongwa na gari la mtu mwingine, akafa. Waendesha mashtaka walisema askari huyo na luteni wake walificha ukubwa wa kilichotokea. Desemba 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimtia askari hatiani kwa mauaji ya daraja la pili, jambo ambalo halikuwa limewahi kumpata askari wa jiji hilo, na luteni kwa kuzuia haki. Septemba 2024 walihukumiwa kifungo, askari miezi 66, luteni 48. Walikuwa bado uraiani wakisubiri rufaa pale Rais Donald Trump alipowasamehe wote wawili, Januari 2025.